UPS: Jinsi ya kuilinda seva ya nyumbani umeme unapokatika

Umeme ukikatika ghafla usiku, taa huzimika na baadaye huwaka tena kana kwamba hapakutokea jambo. Kompyuta inayotunza hesabu za duka, picha za familia na rekodi za kamera za ulinzi haina stahamala hiyo. Sekunde moja ya giza yaweza kuharibu kumbukumbu za miaka mingi.

Kompyuta ya namna hiyo, inayofanya kazi usiku na mchana ili watu wa nyumba moja au biashara moja waweke na kuchukua mafaili yao, ndiyo huitwa seva ya nyumbani. Huweza kuwa kompyuta ya mezani iliyostaafishwa ofisini, kompyuta ndogo yenye ukubwa wa kitabu, au kisanduku chenye diski mbili. Kinga yake dhidi ya kukatika kwa umeme ni UPS, kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme pale ule wa gridi unapopotea.

Haja ya kinga hiyo katika ukanda huu haihitaji maelezo marefu. Usiku wa Agosti 25, 2023, karibu Kenya yote iliingia gizani, na hata uwanja wa ndege wa kimataifa wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi uliathirika. Nchini Uganda, usambazaji wa umeme ulirejea mikononi mwa shirika la serikali, UEDCL, Aprili 1, 2025, baada ya mkataba wa miaka 20 wa kampuni ya Umeme kumalizika. Hata hivyo, radi, matawi yanayoangukia nyaya na transfoma zilizozidiwa mzigo havijui mabadiliko ya mikataba.

Nini hasa huharibika?

Mtu anapobonyeza kitufe cha kuhifadhi, maandishi yake hayafiki kwenye diski papo hapo. Mfumo wa kompyuta huyaweka kwanza katika kumbukumbu ya muda, kisha huyaandika kwenye diski kwa awamu ili kazi iende haraka. Umeme ukipotea kati ya hatua hizo mbili, kilichokuwa katika kumbukumbu ya muda hutoweka.

Hasara kubwa zaidi hutokea pale diski inapokatizwa ikiwa katikati ya kuandika. Mwenye duka la dawa anayeingiza mauzo ya siku katika programu ya hesabu aweza kukuta asubuhi kwamba programu haifunguki kabisa, kwa sababu orodha inayoonyesha kila rekodi ilipo imeandikwa nusu. Mifumo ya kisasa ya kuhifadhi mafaili huweka daftari la mabadiliko ili iweze kujirekebisha, na daftari hilo hupunguza hatari bila kuiondoa.

Kuna pia adui asiyeonekana: umeme hafifu. Volti zinaposhuka jioni, wakati majirani wote wanapika na kupiga pasi, kompyuta huweza kujizima na kuwaka mara kadhaa kwa saa moja. Aliyewahi kununua stabilaiza kwa ajili ya friji anaifahamu shida hiyo.

Aina tatu za UPS

Aina ya kwanza, iliyo rahisi kuliko zote, hupitisha umeme wa gridi moja kwa moja hadi kwenye kompyuta na hugeukia betri pale tu umeme unapokatika au volti zinapopotoka kupita kiasi. Mageuzi hayo huchukua milisekunde chache, muda ambao kompyuta nyingi huustahimili. Kasoro yake ni kwamba mahali penye volti zinazopanda na kushuka, betri huitwa kazini kila mara na huchakaa mapema.

Aina ya pili ina kirekebisha volti ndani yake. Volti zikishuka huzipandisha, zikizidi huzipunguza, bila kuigusa betri. Kwa nyumba nyingi za Afrika Mashariki hii ndiyo yenye uwiano mzuri kati ya bei na kinga.

Aina ya tatu hubadilisha umeme wote wa gridi kuwa wa mkondo mnyoofu, kisha huutengeneza upya kuwa wa mkondo geu, muda wote. Kompyuta haihisi mageuzi yoyote. Lakini aina hii ni ghali, feni yake ina kelele, na hutumia umeme zaidi hata pale gridi inapokuwa shwari.

Mnunuzi aulize pia umbo la umeme unaotoka kwenye betri. UPS za bei nafuu hutoa umeme wa ngazi ngazi badala ya wimbi laini. Baadhi ya kompyuta za kisasa, zenye pawa saplai inayorekebisha mkondo, huweza kuzimika zinapopewa umeme wa ngazi ngazi. Kwa seva yenye pawa saplai ya aina hiyo, UPS ya wimbi laini ni salama zaidi.

Jambo jingine ni asili ya kifaa. Gridi za Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo hutumia kati ya volti 220 na 240, kwa mizunguko 50 kwa sekunde. UPS iliyotumwa na ndugu aliyeko Marekani huenda imetengenezwa kwa volti 120 na mizunguko 60. Kifaa hicho hakifai kuchomekwa katika soketi za huku.

Ukubwa gani unatosha?

Namba kubwa iliyoandikwa kwenye kasha, kwa mfano 650 VA, huwapotosha wengi. Kinachohitajika ni wati, na wati huwa pungufu ya VA. UPS ya 650 VA mara nyingi hubeba kati ya wati 350 na 400 tu. Namba ya wati huandikwa nyuma ya kifaa au katika kijitabu chake.

Hatua inayofuata ni kujumlisha mzigo. Tuseme seva ndogo inatumia wati 40, ruta wati 10 na kisanduku cha intaneti ya faiba wati 10. Jumla ni wati 60, mzigo mwepesi kwa UPS hiyo. Swali linalobaki ni muda.

Betri ya kawaida ya UPS ndogo ina volti 12 na ampea-saa 7. Ukizidisha, unapata wati-saa 84. Kwa mzigo wa wati 60, karatasi inasema saa moja na dakika 24. Hali halisi ni tofauti, kwa kuwa sehemu ya nishati hupotea katika kubadilisha mkondo, na betri ya asidi na risasi inayomwagwa haraka haitoi yote iliyo nayo. Busara ni kuhesabu nusu, yaani dakika 40 hivi betri ikiwa mpya, na kupanga kwa nusu saa.

Nusu saa hiyo haitoshi kuvuka mgao wa umeme wa saa sita, wala UPS ndogo haikukusudiwa hivyo. Kazi yake ni kuvusha mikatiko mifupi na kuipa seva nafasi ya kujizima kwa utaratibu. Anayetaka kufanya kazi usiku kucha anahitaji inveta yenye betri kubwa, sola au jenereta.

Kuunganisha hatua kwa hatua

Kwanza, kifaa kikaguliwe. Baadhi ya UPS husafirishwa waya mmoja wa betri ukiwa umechomolewa, na kijitabu hueleza namna ya kuurudisha. Kisha ichomekwe ukutani na kuachwa ichaji kwa muda uliotajwa na mtengenezaji kabla ya kupewa mzigo.

Pili, soketi ya ukutani iwe na waya wa ardhi unaofanya kazi. Bila waya huo, kinga dhidi ya mshtuko na dhidi ya umeme wa ghafla hupungua sana. Fundi umeme mwenye leseni aweza kuupima kwa dakika chache.

Tatu, vifaa vigawanywe. UPS nyingi zina matundu ya aina mbili: yanayolindwa na betri, na yanayolindwa tu dhidi ya umeme wa ghafla. Seva, ruta na kisanduku cha intaneti viwekwe upande wa betri. Printa ya leza, pasi, birika la umeme na friji visichomekwe humo kamwe, kwani mvuto wao wa umeme huweza kuizima UPS nzima. Ekstensheni zenye kinga ya umeme wa ghafla pia hazishauriwi baada ya UPS.

Nne, waya wa USB utoke kwenye UPS hadi kwenye seva. Wengi huuacha ndani ya kasha wakidhani ni wa ziada. Bila waya huo, seva haina njia ya kujua kwamba inaishi kwa betri. Itaendelea na kazi hadi chaji iishe, kisha itaanguka vilevile kama isingekuwa na UPS.

Seva ipewe taarifa

Upande wa seva huwekwa programu inayoisikiliza UPS. Kwa mifumo ya Linux na jamii zake, inayotumika sana ni Network UPS Tools, kwa kifupi NUT, ambayo ni ya bure na inaelewa UPS za kampuni nyingi. Visanduku vingi vya kuhifadhia mafaili vina uwezo huo tayari katika ukurasa wa mipangilio.

Kwa kawaida NUT huamuru seva izimike pale mambo mawili yanapokutana: umeme wa gridi haupo, na UPS imetangaza kwamba chaji imepungua. Mpango huo unafaa betri ikiwa mpya. Betri iliyozeeka huweza kuruka kutoka nusu hadi sifuri kabla ya tangazo hilo kutolewa. Kwa hiyo ni salama zaidi kuweka kipima muda: umeme ukikosekana kwa dakika tano mfululizo, seva ianze kujizima.

Nyumba yenye kompyuta mbili au tatu haihitaji waya wa USB kwa kila moja. Moja huunganishwa na UPS na kuwa kiongozi, nyingine hupokea taarifa kupitia mtandao wa ndani. Sharti ni kwamba ruta au swichi inayoziunganisha nayo iwe kwenye betri; la sivyo, taarifa haitafika.

Umeme unaporejea

Sehemu hii husahaulika mara kwa mara. Katika mipangilio ya msingi ya kompyuta kuna chaguo la kuiwasha yenyewe umeme unaporudi. Lisipowekwa, seva itabaki imezima hadi mtu afike kuibonyeza.

Lakini kuna mtego. Umeme ukirejea wakati seva iko katikati ya kujizima, UPS haikuwahi kuacha kutoa umeme, hivyo seva haioni kwamba umeme ulipotea na umerudi. Huzimika na kubaki hivyo. Kwa sababu hiyo NUT ina amri ya mwisho inayoiambia UPS ikate umeme baada ya seva kuzimika, kisha iurudishe gridi inapokuwepo.

Inafaa pia kuiagiza UPS, ikiwa inaruhusu, isubiri betri ipate chaji kiasi kabla ya kuwasha mzigo. Umeme unaorudi baada ya dhoruba mara nyingi hukatika tena baada ya dakika chache, na mkatiko wa pili ukiikuta betri tupu, seva haitapata muda wa kujizima.

Jaribio

Mpangilio usiojaribiwa hauwezi kutegemewa. Baada ya kunakili data muhimu mahali pengine, swichi ya soketi ya ukutani izimwe. Kuzima swichi ni bora kuliko kuchomoa plagi, kwa sababu waya wa ardhi hubaki umeunganishwa. Mtazamaji aangalie mambo matatu: je, seva imejizima kwa utaratibu? Je, UPS imekata umeme baadaye? Na je, vyote vimewaka vyenyewe swichi iliporudishwa?

Joto, umri wa betri na sumu ya risasi

Betri ya asidi na risasi hudumu miaka mitatu hadi mitano katika nyuzi joto 20 hadi 25. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila ongezeko la nyuzi 10 hupunguza umri huo kwa nusu. Kabati lisilo na hewa mjini Mombasa au Dar es Salaam huweza kuimaliza betri kabla ya miaka miwili. UPS ikae mahali penye hewa, mbali na jua, na tarehe ya kuweka betri iandikwe kwa kalamu juu yake.

Betri iliyovimba iondolewe mara moja. Betri mpya iwe na volti na vipimo vilevile. Sehemu nyingine za ndani ya UPS zisifunguliwe na asiye fundi, kwani huweza kubaki na umeme wa kuua hata baada ya plagi kuchomolewa.

Betri kuukuu isitupwe jalalani wala kupewa mtu anayeyeyusha risasi uani kwake. Madhara yake yanajulikana katika ukanda huu. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya kutokana na sumu ya risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyushia betri chakavu. Watoto ndio huathirika zaidi, kwa kuwa risasi hudhuru ubongo unaokua. Muuzaji wa betri mpya aulizwe kama huzipokea za zamani na huzipeleka wapi.

Kile ambacho UPS haiwezi

UPS hailindi dhidi ya mwizi, moto, diski iliyochoka au mtu aliyefuta faili kwa bahati mbaya. Kumbukumbu zisizoweza kupatikana tena ziwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake ikae nje ya nyumba.

Baada ya hapo kinachobaki ni uangalizi mdogo: kurudia jaribio la swichi kila baada ya miezi sita, na kutazama kama dakika za betri zimepungua. Zikipungua hadi kufikia muda ambao seva inahitaji ili kujizima, wakati wa betri mpya umewadia.