Faida za Kukimbia, na Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuanza



Katika karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi walisafiri kwa miguu baina ya Tabora na Bagamoyo, takribani kilomita 800, wakiwa na mizigo mabegani. Waliondoka alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali. Utaratibu huo ungali unamfaa mkazi wa Tabora anayetaka kuanza kukimbia.

Kukimbia mara kwa mara huimarisha moyo na mapafu, na hupunguza uwezekano wa kupata shinikizo la juu la damu na kisukari cha aina ya pili. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima afanye walau dakika 75 za mazoezi makali kwa wiki. Dakika 25 kwa siku tatu zatosha.

Anayeanza akimbie dakika moja, atembee mbili, kisha aongeze kidogo kidogo. Mwenye maradhi ya moyo, kisukari au shinikizo la damu amwone daktari kwanza, wala asiache dawa alizoandikiwa.

Unaponunua raba, vaa zote mbili, tembea nazo, kagua soli na gundi, kisha dai risiti.

Tunawatahadharisha wananchi dhidi ya vidonge na chai za kupunguza unene zisizosajiliwa. Baadhi huwa na viambata visivyotajwa kwenye lebo, vinavyoweza kupandisha shinikizo la damu. Ukiuziwa bidhaa ya namna hiyo, usiitumie. Hifadhi kasha na risiti, kisha utoe taarifa.