Dawa ya Kuogeshea Mifugo: Weupe Wake Majini na Hatari Yake Mwilini

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, wafugaji huogesha au hunyunyizia ng'ombe dawa ya kuua kupe waenezao ndigana kali. Nyingi za dawa hizo, zikiwemo zenye amitrazi, huwa kimiminika angavu ndani ya chupa. Zikitiwa majini hugeuka nyeupe mithili ya maziwa. Badiliko hilo laeleza pia namna ya kumsaidia aliyedhurika nazo.

Amitrazi haiyeyuki vema majini. Kiwandani huyeyushwa katika kiyeyushi cha asili ya petroli, kama zailini, kisha huongezwa kemikali za jamii ya sabuni. Kila molekuli ya kemikali hizo ina kichwa kipendacho maji na mkia upendao mafuta. Ndani ya chupa, kiyeyushi huipokea mikia hiyo. Majini, mikia huyakimbia maji na kujificha ndani ya matone ya kiyeyushi, vichwa vikabaki nje. Matone hayo madogo mno hayaungani upesi, nayo hutawanya mwanga. Ndio weupe uonekanao.

Spiriti, ambayo huchanganyika na maji, ikizidi hudhoofisha kazi hiyo: maji huacha kuisukuma mikia, na sabuni hushindwa kujikusanya kuzunguka mafuta. Hivyo, kuongeza spiriti katika sabuni hakuongezi uwezo wake wa kusafisha. Mafuta ya taa nayo huweza kuisaidia sumu kupenya ngozi.

Dawa ikimwagika mwilini, nguo zivuliwe na ngozi ioshwe kwa maji mengi na sabuni ya kawaida. Ikimezwa, mgonjwa asitapishwe wala asinyweshwe maziwa: kiyeyushi huweza kuingia mapafuni na kuyaunguza. Apelekwe kituo cha afya mara moja, pamoja na chupa yenye lebo.

Mhudumu wa afya atazame usingizi mzito, mapigo ya moyo ya polepole, shinikizo la damu lililoshuka, mboni ndogo na sukari iliyopanda. Dalili hizi hufanana na za sumu ya oganofosfeti, hivyo lebo ni muhimu. Amitrazi haina kiuasumu mahsusi. Tiba ni kulinda njia ya hewa, upumuaji na mzunguko wa damu.

Dawa isihamishiwe kamwe katika chupa ya soda: mtoto hawezi kutofautisha weupe wa sumu na weupe wa maziwa.