Kiti cha Kurushia Tufe

Kiti cha kurushia ni fremu ya chuma isiyo na magurudumu, ambayo mwanamichezo asiyeweza kurusha akiwa wima huikalia anaporusha tufe, kisahani au mkuki. Tufe na kisahani ndizo zilizompeleka Zaharani Mwenemti, mwakilishi pekee wa Tanzania, kwenye Paralimpiki ya London mwaka 2012. Kwa anayetaka kuanzisha michezo ya watu wenye ulemavu mkoani Singida, hakuna kifaa kingine cha kuanza nacho kinachofaa kuliko hiki. Kiti cha mbio hudai aloi nyepesi na njia laini; hiki humtaka fundi makini wa kuchomelea mageti, na mafundi hao hawakosekani.

Anayerusha akiwa wima huchota nguvu ardhini kwa miguu. Aliyeketi huichota kupitia kiti, na kadiri anavyosukuma tufe mbele ndivyo kiti kinavyosukumwa nyuma. Fremu ikitikisika, nguvu huishia humo badala ya kufika kwenye tufe. Ndiyo maana mabomba ya mraba yenye kuta nene hufaa, tena uzito si kasoro hapa.

Kanuni za kimataifa zinataka kimo cha kiti, pamoja na mto, kisizidi sentimita 75. Nguzo ya kushikia, inayosimama upande wa mkono usiorusha, iwe kipande kimoja kilichonyooka kisichonesa, maana nguzo inayonesa ingemsaidia mrushaji kama upinde unavyousaidia mshale. Mahali pake hupatikana kwa kumketisha mwenyewe na kumwacha arushe kabla ya kuichomelea. Aliyeumia uti wa mgongo juu, asiyemudu misuli ya kiwiliwili, huhitaji egemeo na mikanda. Aliyekatwa mguu huona egemeo hilo linamzuia kujipinda.

Shida ya Singida ni mchanga. Vigingi vya chuma vya kufungia kiti, vinavyoshika vizuri kwenye udongo mgumu, hapa hung'oka baada ya mirusho michache. Dawa yake ni kumimina zege uwanjani, kuzamisha kulabu humo, kisha kukaza kiti kwa mikanda ya mizigo isiyovutika.

Jambo linalosahaulika mno ni ngozi. Chuma kilichoanikwa juani huunguza, na mwenye mwili usiohisi hajui mpaka avue nguo. Sponji nene, kona zilizopigwa tupa na turubai la kufunikia kiti ni sehemu ya kifaa. Baada ya kila zoezi ngozi ikaguliwe, kwa kuwa kidonda cha mgandamizo huweza kuchukua miezi kupona.