Akademia ya Soka: Mambo ya Kuuliza Kabla ya Kumwandikisha Mtoto

Wakazi wa Kimumu hawahitaji kufundishwa jinsi mwanariadha anavyolelewa. Wanaopita barabara ya Iten alfajiri huwaona wakimbiaji wakiwa makundi kwa makundi, na karibu kila familia inamjua mtu aliyewahi kukaa kambini. Soka lakini hukuzwa kwa njia nyingine. Mzazi anayempima mwanasoka kwa mizani ya riadha anaweza kumpotezea mtoto miaka, karo na hata haki yake. Makala haya yanaeleza jinsi akademia ya klabu ya kulipwa inavyofanya kazi, na mambo ambayo mzazi au mlezi anafaa kuuliza kabla ya kutia sahihi popote.

Soka si mbio

Mkimbiaji anaweza kuanza mazoezi ya dhati baada ya kumaliza shule ya upili na bado akafika mbali. Saa ndiyo hakimu wake, na zawadi ya ushindi huandikwa kwa jina lake. Mwanasoka anahitaji kuuzoea mpira mapema, kwa kuwa wepesi wa mguu, kuinua macho na kuamua haraka ni mambo yanayojengeka polepole tangu utotoni. Tena hapimwi na saa bali na macho ya makocha, na macho hayo hukosea. Harry Kane, ambaye baadaye alikuwa nahodha wa Uingereza, aliachwa na Arsenal akiwa mtoto baada ya msimu mmoja tu.

Fedha pia hufuata njia tofauti. Katika soka, mchezaji huajiriwa na klabu, na akihama, klabu zilizomlea zina haki ya kupata fungu. Ndiyo maana usajili wa mtoto wa miaka 12 katika timu ya mtaani una uzito kuliko wengi wanavyodhani.

Akademia ni nini hasa?

Kukusanya watoto uwanjani Jumamosi na kuwatoza ada ni jambo jema likifanywa kwa uaminifu, lakini peke yake si akademia ya klabu ya kulipwa. Akademia kamili ina timu za umri mbalimbali, makocha wenye leseni, utaratibu wa masomo, huduma kwa wanaoumia, na njia inayoonekana wazi kutoka timu ya watoto hadi timu ya wakubwa.

Kenya ina mfano wake wa tangu zamani. Chama cha michezo cha vijana cha Mathare, MYSA, kilianzishwa mwaka wa 1987 jijini Nairobi. Timu hazikupata pointi kwa mabao pekee. Zilipata pia kwa kusafisha mitaa, na vijana walioonyesha uongozi walisaidiwa karo. Mwaka wa 1994 ikazaliwa Mathare United, na mwaka wa 2008 klabu hiyo ikatwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya. Dennis Oliech alipitia Mathare United kabla ya kwenda Qatar na kisha Ufaransa, alikochezea Nantes na Auxerre.

Nchini Senegal, akademia ya Génération Foot ina ushirikiano wa miaka mingi na klabu ya Metz ya Ufaransa, na ndiyo iliyomtoa Sadio Mané. Huko Lubumbashi, nchini Kongo, TP Mazembe ina akademia yake yenyewe. Mifano hii inafanana kwa jambo moja: hakuna aliyevuna baada ya msimu mmoja. Kulea mwanasoka ni kazi ya takriban miaka kumi.

Kila umri na kazi yake

Kwa watoto wasiozidi miaka 12, lengo ni kila mmoja kugusa mpira mara nyingi. Ndiyo maana hucheza watano kwa watano au saba kwa saba katika uwanja mdogo. Ukiona watoto wa miaka tisa wakicheza kumi na mmoja kwa kumi na mmoja katika uwanja wa watu wazima, huku wengine wakisimama dakika nyingi bila kuugusa mpira, jua kwamba mafunzo hayo yana kasoro.

Kati ya miaka 13 na 16, mwili hubadilika. Wapo wanaorefuka ghafla na wapo wanaochelewa. Kocha anayetafuta kombe la wiki hii humpanga mrefu mwenye nguvu na kumsahau mdogo mwenye akili ya mchezo. Miaka mitatu baadaye wote huwa wamefikia kimo chao, na yule aliyetegemea nguvu pekee huwa hana kilichobaki. Umri huu pia huleta maumivu ya goti na kisigino, kwa sababu mifupa inakua haraka huku mazoezi yakiongezeka. Mtoto anayechechemea apumzishwe na kupelekwa hospitalini. Asiambiwe avumilie kiume.

Kuanzia miaka 17 hadi 19, kijana hufundishwa kazi ya nafasi yake uwanjani, nidhamu ya chakula na usingizi, na kucheza na watu wazima. Hapa ndipo wengi huachwa. Katika akademia zote duniani, wanaofika timu ya kwanza ni wachache kuliko wanaoondoka.

Shule haiwekwi kando

Kwa kuwa wengi hawatapata riziki kwa soka, akademia inayomtoa mtoto shuleni inamchezesha kamari bila yeye kujua. Michael Olunga alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya huku akipanda ngazi za soka ya hapa nchini. Mwaka wa 2020, akiwa na Kashiwa Reysol ya Japani, alifunga mabao 28 ya ligi na kutajwa mchezaji bora wa msimu. Masomo hayakumzuia.

Shule zenyewe ni chimbuko la vipaji. Timu ya wasichana ya Junior Starlets, iliyocheza Kombe la Dunia la wasiozidi miaka 17 mwaka wa 2024 katika Jamhuri ya Dominika, ilikuwa timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika Kombe la Dunia, na wachezaji wake wengi walikuwa wanafunzi wa shule za upili. Waliifunga Mexico. Wazazi wenye mabinti wasikubali jibu kwamba akademia ni ya wavulana. Chini ya mtaala wa sasa, sekondari ya juu pia ina mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo.

Karatasi zenye thamani

Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla ya mkataba wake kuisha, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zilizomlea kuanzia msimu wa miaka 12 hadi wa miaka 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 huleta asilimia 0.25 ya bei, na kila msimu wa miaka 16 hadi 23 asilimia 0.5.

Tuchukue hesabu. Mwaka wa 2013 Victor Wanyama alihama Celtic kwenda Southampton kwa bei iliyotajwa kuwa pauni milioni 12.5. Kwa bei hiyo, msimu mmoja wa malezi akiwa na miaka 13 una thamani ya pauni 31,250. Fedha kama hizo zinaweza kununulia timu ya mtaa mipira, jezi na nyavu kwa miaka mingi.

Klabu hulipwa ikiwa tu ni mwanachama halali wa shirikisho na ilimsajili mchezaji wakati huo. Tangu Novemba 2022, FIFA ina kituo maalumu cha malipo kinachofuata rekodi za usajili. Timu isiyosajiliwa na Shirikisho la Soka la Kenya, FKF, haina rekodi ya kuonyesha, hata kama mtaa mzima unakumbuka nani alimfundisha kijana.

Karatasi ya pili ni cheti cha kuzaliwa. Usikubali kocha amshushe mtoto umri ili timu ishinde kombe. Mashindano ya wasiozidi miaka 17 hutumia picha za mifupa ya kifundo cha mkono kutambua waliozidi umri, na tarehe mbili tofauti katika rekodi humfuata mchezaji maisha yake yote.

Tahadhari kuhusu safari za ng'ambo

Kwa kawaida FIFA hairuhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kusajiliwa na klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache, mfano wazazi kuhamia huko kwa mambo yasiyohusu soka. Hivyo basi, mtu anayemwahidi kijana wa miaka 15 klabu ya Ulaya au Ghuba na kuomba pesa za viza, shikilia mfuko wako. Wakala wa wachezaji lazima awe na leseni ya FIFA. Aidha, kijana wa chini ya miaka 18 hawezi kufungwa na mkataba wa kulipwa unaozidi miaka mitatu.

Maswali ya kuuliza

1. Je, klabu imesajiliwa na Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya mwaka wa 2013, na ni mwanachama wa FKF?
2. Mtoto wangu atasajiliwa FKF kila msimu, na nitaonyeshwa rekodi hiyo?
3. Kocha ana leseni gani, na nani anawajibika kwa usalama wa watoto safarini na malazini?
4. Ratiba ya mazoezi inalinganaje na masomo?
5. Mtoto akiumia, nani hulipa matibabu?
6. Akitaka kuondoka au akiachwa, utaratibu ni upi?

Akademia ya kweli haitaudhika na maswali haya. Mzazi aombe majibu kwa maandishi na abaki na nakala.

Maombi ya cheti cha kuzaliwa hufanywa kupitia eCitizen, au kwa usaidizi katika Huduma Centre mjini Eldoret. Usajili wa wachezaji ni kazi ya FKF kupitia klabu, si ya serikali ya kaunti. Viongozi wa timu za mitaa wanahimizwa kukamilisha usajili wao sasa, watoto wangali wadogo. Miaka inayopita bila rekodi hairudi.