Uteuzi wa Teknolojia za Mtandao wa Eneo Pana kwa Kampuni yenye Matawi

Mtandao wa eneo pana ni mfumo unaounganisha ofisi zilizo mbali ili zitumie taarifa na programu zilezile. Uteuzi wa teknolojia yake aghalabu hutanguliza bei na kasi. Hata hivyo, lipo swali la msingi zaidi: mawasiliano yakikatika, ni kazi gani ya tawi itakayosimama?

Mfano wa kampuni yenye makao makuu Dar es Salaam na tawi Mwanza unabainisha jambo hili. Njia ya kwanza ni MPLS, ambapo mtoa huduma hutenga data ya kampuni kwa kuiwekea lebo, na huweza kuipa kipaumbele ile isiyovumilia kuchelewa, kama vile sauti. Ubora huainishwa katika mkataba, lakini gharama huwa kubwa. Aidha, MPLS yenyewe haifichi data kwa msimbo. Njia ya pili ni VPN ipitayo katika intaneti ya kawaida. Hii huficha data na huwa nafuu, ila muda wa data kufika haudhaminiwi. Njia ya tatu ni setilaiti. Ile iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta huchelewesha data kwa takribani milisekunde 480 kwenda na kurudi, ilhali kilomita 1,200 za faiba huhitaji takribani milisekunde 12. Tofauti hiyo haizuii baruapepe, bali huvuruga mazungumzo.

Kampuni nyingine hujikinga kwa kukodi laini mbili kutoka kwa watoa huduma wawili. Kinga hiyo ni ya jina tu iwapo laini zote hupita katika mtaro mmoja au hutegemea mkongo mmoja. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu kwa pamoja, na huduma za intaneti zikadorora Tanzania, Kenya na nchi jirani. Katika hali kama hiyo, tawi linalotegemea seva iliyo ng'ambo huweza kukwama hata likiwa na VPN madhubuti, ilhali tawi linaloifikia seva ya Dar es Salaam kwa mkongo wa nchi kavu huweza kuendelea kuwahudumia wateja.

Hivyo basi, uteuzi uanze kwa kubainisha kazi zisizopaswa kusimama na mahali zilipo seva zake. Kisha zichaguliwe njia mbili zisizokutana, kwa mfano faiba kwa kazi za kila siku na setilaiti kwa dharura. Bei na kasi zipimwe baada ya hapo.