Bibi hakukata simu, alibipu

Kama umekulia huku nje, lazima umewahi kuiona hii: simu ya mama inalia mara moja, inakatika kabla hajaishika, na yeye wala hashtuki. Anaangalia namba, anasema tu, "Huyo bibi yako," halafu anaanza kutafuta kadi ya kupigia. Mimi nilidhani mtandao wa Tanga ni mbovu. Miaka na miaka! Kumbe bibi alikuwa anabipu.

Ujanja wenyewe ni mdogo. Simu isiyopokelewa haikatwi pesa, lakini namba ya aliyepiga inabaki kwenye kioo. Basi ukipiga ukakata haraka, ujumbe umefika bure. Maana yake mnapatana wenyewe: mara moja nimefika, mara mbili nipigie. Kampuni za simu hazikubuni hilo, watu walijibunia.

Mtafiti Jonathan Donner aliuchunguza mtindo huu Rwanda, na makala yake ya 2007 inaonyesha una sheria zake kabisa. Mwenye nacho ndiye anayepiga. Na ukiwa unamtongoza mtu, usimbipu, utaonekana huna kitu. (Wajomba zangu wanaapa hawakuwahi. Haya.)

Vocha nayo iligeuzwa hivyohivyo. Unanunua vocha mjini, unakwangua, unamsomea shangazi kijijini zile namba, naye anamuuzia mwenye duka kwa pesa taslimu. Hata M-Pesa: majaribio yake Kenya, 2005, yalikuwa ya kulipia mikopo midogo. Watu wakaanza kuitumia kutumiana hela wao kwa wao, na ilipozinduliwa Machi 2007 ikaja na kazi hiyo, kutuma pesa nyumbani.

Huku kwetu vijana tunacheka, eti wazee bahili. Mimi nilicheka pia.

Nilipopata simu yangu, nina miaka 14, bibi akaanza kunibipu mwenyewe. Kila Ijumaa, mara moja. Sikumjibu hata siku moja, nikidhani anabonyeza kimakosa. Baadaye sana mama akaniambia: ile haikuwa nipigie. Ilikuwa salamu tu, nakukumbuka. Alichotaka ni mimi nimbipu na yeye, basi. Karibu miaka miwili alikuwa anasubiri.

Siku hizi ana WhatsApp, tunaonana kwa vidio. Lakini Ijumaa iliyopita nilimpigia simu ya kawaida, ikalia mara moja, nikakata. Haikupita dakika, yangu ikalia. Mara moja.