Saratani ya Matiti si Maradhi ya Namna Moja

Wananchi wengi wa mwambao wa Tanga na wa visiwa vinavyoukabili huzungumzia saratani ya titi kana kwamba ni maradhi mamoja yenye dawa moja. Sivyo. Mwaka 1896 George Beatson, daktari wa Glasgow, alieleza kuwa kuondoa ovari kulimpa nafuu mgonjwa wake; waliomfuata wakaona kuwa wengine hunufaika na wengine la. Sababu ilijulikana baadaye. Chembe za saratani nyingine zina vipokezi vya homoni za kike. Nyingine zina protini iitwayo HER2 kwa wingi uliopita kiasi. Na nyingine hazina lolote kati ya hayo.

Tofauti hiyo si ya vitabuni. Mama mwenye vipokezi hufaa kumeza tamoksifeni, kidonge cha bei nafuu, kwa miaka mitano au zaidi. Mwenye HER2 hufaa trastuzumabu, dawa ya ghali iliyoingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2015. Asiye na chochote hutegemea upasuaji, mionzi na dawa kali za kuua chembe.

Je, wanawake wetu wako kundi gani? Katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, uchunguzi wa wagonjwa 52 uliotangazwa mwaka 2014 ulikuta kuwa zaidi ya theluthi yao hawana vipokezi wala HER2. Ulaya na Marekani kundi hilo ni kama mmoja au wawili katika kila kumi. Wapo waliokwisha kuhukumu, kwa hesabu kama hizo, kuwa saratani ya Mwafrika haisikii vidonge. Sisi tunaikataa haraka hiyo. Mwaka huohuo watafiti waliojumlisha taarifa za nchi nyingi za Afrika waliona kuwa vipande vya nyama vilivyotolewa ghalani vilionyesha vipokezi kwa uchache kuliko vile vilivyokusanywa vipya. Maana yake, sehemu ya upungufu ule ni ya chupa, si ya mama.

Kipande cha titi chapaswa kutiwa katika formalini ya kutosha ndani ya saa moja, kikae humo si chini ya saa 6 wala si zaidi ya saa 72. Kikicheleweshwa, vipokezi huharibika, na jibu hutoka "hana" kwa mama aliye navyo. Fikirini basi kipande kilichokatwa Pemba kikingoja chombo cha kuvukia wakati kusi inavuma, au kilichokatwa Pangani kikingoja basi. Mama atanyimwa kidonge rahisi, ilhali wagonjwa wanane katika kila kumi nchini, kwa tathmini ya mwaka 2017, hufika hospitali maradhi yakiwa yamekwisha kukomaa.

Tunawataka waganga wakuu wa mikoa na wilaya, Bara na Visiwani, wahakikishe kuwa formalini haikosekani chumba cha upasuaji, na kuwa saa ya kukata na saa ya kutia dawani zinaandikwa katika fomu. Gharama ya kusafirisha isiachiwe mume abebaye chupa katika mfuko wa sokoni. Na mgonjwa apewe nakala ya jibu lenye kutaja vipimo vyote vitatu, aiweke pamoja na kadi yake, kwani hospitali ya pili huiulizia kwanza.